Tambi za mgonjwa wa siliaki zianze jikoni, si dukani

Mtu anayeambiwa na daktari kwamba hatakula tena ngano maisha yake yote huanza kwa kuhesabu vinavyomtoka mkononi: chapati, maandazi, sambusa, mkate wa asubuhi, tambi za futari, keki ya harusi ya dada yake. Kisha huelekezwa, mara nyingi na watu wanaomtakia mema, kwenye rafu ya duka kubwa la mjini zilikopangwa pakiti za tambi zilizoandikwa kuwa hazina gluteni. Zimetoka ng'ambo, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya tambi za kawaida. Anayemudu hununua. Asiyemudu, na hao ndio wengi, hurudi nyumbani akiamini kwamba maradhi yake yanataka mfuko wa tajiri. Nasema imani hiyo ni potofu na inawaumiza watu. Tambi zisizo na gluteni, pamoja na mchuzi mzito wa nyanya wa kuzilia, hutengenezeka katika jiko la kawaida la Afrika Mashariki kwa unga unaouzwa sokoni, na zikitengenezwa kwa uangalifu huwa salama na tamu. Ufundi unaohitajika tayari uko mikononi mwa kila ajuaye kusonga ugali.

Gluteni ni protini zilizomo katika ngano, na ndugu zake wa karibu wamo katika shayiri na rai. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huipokea kama adui, na katika kupambana nayo hujeruhi ukuta wa utumbo mdogo, mahali hasa ambapo madini ya chuma, kalsiamu na virutubisho vingine hufyonzwa. Madhara yake hayaishii tumboni. Mtoto hudumaa, mama hupungukiwa damu mwaka hadi mwaka ingawa anameza vidonge vya kuongeza damu, mifupa hudhoofika kabla ya wakati, wengine hutokwa na vipele vinavyowasha mno. Tiba inayotegemewa ni moja, nayo ni kuacha gluteni kabisa na kwa maisha yote. Aliyefumbua fumbo hili ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano, na njaa kali iliyoikumba nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilimpa ushahidi wa kusikitisha: mkate ulipoadimika, watoto waliokuwa wakiugua walipata nafuu, na uliporudi mezani, ugonjwa ulirudi nao. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoweka msingi wa tiba inayotumika hadi leo.

Kuna wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Takwimu hazikubaliani nao. Makadirio ya dunia nzima ni kama mtu 1 katika kila 100, na wengi wao hawajui kwamba wanaugua. Kiwango kimojawapo cha juu kabisa kuwahi kuripotiwa kimetoka hapa hapa Afrika, kwa watoto wa Kisahrawi katika kambi za wakimbizi za Algeria: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanaugua. Ugonjwa huu hujitokeza pale mambo mawili yanapokutana, vinasaba vinavyouruhusu na mlo wenye ngano nyingi. Mlo wetu wa mijini unazidi kuelemea ngano, tena ngano ambayo kwa sehemu kubwa tunaiagiza kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mkate na unga ilitufundisha jinsi tulivyofungamana nayo. Mtoto mwenye kuhara kusikokoma akifika zahanati hutafutiwa minyoo, amiba na maambukizi mengine, na ni sawa kuanzia huko kwa sababu hayo ndiyo ya kawaida zaidi. Lakini yakishindikana hayo, ni nadra mtu kukumbuka siliaki.

Hapa pana onyo ambalo naomba lisisahaulike hata kama mengine yote ya makala haya yatasahauliwa. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa kwa sababu ya gluteni. Ukiiacha kwa muda, kingamwili hizo hupungua na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Mtu wa namna hiyo hubaki njia panda kwa miaka, hajui kama ajinyime au ale.

Sasa turudi kwenye rafu ya dukani. Faida yake kuu ni uhakika: viwango vya kimataifa vya Codex vinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidishe miligramu 20 za gluteni katika kila kilo moja. Hicho ni kiasi kidogo sana. Kinaonyesha kwamba kwa mgonjwa, vumbi la unga wa ngano lililobaki kwenye kibao cha chapati si jambo la kupuuza. Mpinzani wangu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama kipimo ni kikali hivyo, jiko la nyumbani litakifikiaje bila maabara? Jibu langu ni kwamba jiko la nyumbani lina kitu kimoja ambacho mgahawa na duka la jumla havina: mwenye jiko anajua kila kilichoingia. Hatari kubwa haiko kwenye sufuria, iko njiani kabla ya sufuria. Iko kwenye mashine ya kusaga inayosaga ngano ya jirani asubuhi na mtama wako mchana. Iko kwenye kata ya muuza unga inayochota gunia la ngano kisha gunia la muhogo. Iko kwenye karai la mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi, ambamo baadaye hutiwa viazi.

Kwa hiyo anayetengeneza chakula cha mgonjwa hana budi kuanza na nafaka nzima. Anunue mchele, auchambue kwenye ungo, auoshe, auanike mahali pasipo vumbi la ngano, kisha ausage kwa blenda ya nyumbani au autwange kwenye kinu ambacho hakijawahi kuona ngano, na achekeche kwa chekeche jipya. Wapishi wa vitumbua na mkate wa kumimina wamekuwa wakisaga mchele wao wenyewe miaka yote, kwa hiyo simwombi mtu jambo geni. Pale inapolazimu kwenda mashineni, familia kadhaa zenye shida moja zinaweza kukubaliana na mwenye mashine azisagie kwa siku maalumu baada ya kusafisha mitambo, na kilo za kwanza zinazotoka zisitumiwe kwa mgonjwa. Nyumbani, mwiko wa mbao na kibao cha kusukumia vya mgonjwa viwe vyake peke yake, kwa kuwa mbao ina nyufa zinazoficha unga. Na mfuko wa uji lishe uangaliwe kwa macho mawili: baadhi ya michanganyiko hiyo hutiwa ngano pamoja na ulezi, soya na karanga, na mzazi asiyejua anaweza kumpa mtoto dhaifu kile kile kinachomdhoofisha, akidhani anamnenepesha.

Tuje kwenye tambi zenyewe. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa, protini zake hufungana na kuwa mtandao unaonyumbuka. Ndiyo maana donge la chapati huvutika bila kukatika. Waitalia, ambao sheria yao tangu 1967 inataka tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu ya durum, wanautegemea mtandao huo kupata tambi zinazobaki imara ndani ya maji yanayochemka. Unga wa mchele, mahindi, mtama, ulezi au muhogo hauna mtandao wa aina hiyo. Ukiukanda kwa maji baridi kama unga wa chapati utapata bonge linalopasuka, na tambi zake zitageuka uji sufuriani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kutangaza kwamba pasipo ngano hapana tambi, au hukimbilia kutafuta ute maalumu wa viwandani uliotajwa katika mapishi ya ng'ambo. Ute huo husaidia, sikatai, lakini si wa lazima.

Kazi ya gluteni inaweza kufanywa na wanga wenyewe. Chembe za wanga zikipata maji pamoja na joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi za Selsiasi, hunywa maji, huvimba na kupasuka, zikatoa ute mzito unaogandisha unga uliobaki. Anayesonga ugali huliona jambo hili kila jioni: uji mwepesi huwa mzito ghafla, kisha unga unaoongezwa hushikwa na ule uliokwisha kuiva, hadi bonge zima linakatika kwa mwiko bila kumong'onyoka. Kusini mwa China na Vietnam wamejenga mapishi yote ya tambi za mchele juu ya tabia hiyo ya wanga. Kusini mwa India na Sri Lanka hulichanganya donge la unga wa mchele kwa maji ya moto, wakalikamua kwenye kikandamizi chenye matundu na kuzipika tambi zake kwa mvuke. Kikandamizi cha namna hiyo kiko katika nyumba nyingi za Pwani yetu, kinatumika kukamulia vitafunio vya unga wa dengu. Kwa maneno mengine, sehemu ya unga ipikwe kwanza ili imshike mwenzake mbichi.

Mchanganyiko ninaouona kuwa bora kwa anayeanza ni gramu 200 za unga laini wa mchele, gramu 100 za unga wa muhogo na yai moja, ambao hutosha watu watatu au wanne. Kuchanganya unga wa aina mbili kuna sababu. Wanga wa mchele wa kawaida hugangamala ukipoa, hivyo huipa tambi umbo. Wanga wa muhogo hubaki wenye kuvutika, hivyo huizuia isikatike. Peke yake mchele huvunjika, na muhogo peke yake hunata mdomoni. Yai nalo huganda kwa joto na kuongeza mshiko. Chemsha maji yasiyofika robo lita pamoja na chumvi na kijiko cha mafuta, yamwage yakiwa yanatokota juu ya unga wa mchele huku ukikoroga kwa nguvu, funika, na uache hadi uweze kuushika. Ndipo utie yai, kisha unga wa muhogo kidogo kidogo, ukikanda mpaka donge liwe laini na lisishike vidole. Unga haulingani, maana mchele mpya na wa zamani hunywa maji tofauti. Mkono wako ndio utakaoamua kama liongezwe tone au unga. Liache lipumzike nusu saa chini ya kitambaa kibichi. Lisukume kati ya vipande viwili vya jani la mgomba lililopitishwa motoni, au karatasi za kuokea, hadi unene wa milimita 2 hivi, kisha ulikate vipande vifupi, vyembamba, vyenye urefu wa kidole. Nasisitiza vifupi. Tambi ndefu kama uzi ndizo zinazowavunja moyo wanaojifunza, na hakuna sheria jikoni inayosema tambi lazima iwe ndefu.

Zichemshwe katika maji mengi yenye chumvi kwa dakika chache. Zikielea, onja moja. Zitolewe kwa chujio na kwenda moja kwa moja kwenye mchuzi, kwa sababu tambi za wanga huwa ngumu zikipoa. Maji ya kuchemshia yasimwagwe yote. Kikombe kimoja kitakuwa na kazi baadaye.

Kuhusu muhogo sina budi kuongeza neno la tahadhari. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ukisindikwa kwa haraka, pasipo kulowekwa na kukaushwa inavyotakiwa, huweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao uliwapata watu wa Tarime katikati ya miaka ya 1980 na umeendelea kuonekana sehemu mbalimbali za Kongo. Mpishi atumie muhogo mtamu, au unga wa msindikaji anayeaminika. Asiyekuwa na uhakika na muhogo wake atumie wanga wa mahindi au wa viazi badala yake. Haifai kumkinga mtu na sumu moja kwa kumlisha nyingine.

Mchuzi wa nyanya unastahili heshima sawa na tambi, kwa kuwa ladha ndiyo itakayoamua kama chakula hiki kitapikwa mara ya pili. Pia ndimo gluteni inamopenya kimya kimya. Wapishi wengi hutia kijiko cha unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito, na kipande cha kiungo cha pakiti ili uwe na utamu wa nyama. Baadhi ya viungo hivyo vya viwandani huwa na ngano, na sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Yote mawili, uzito na utamu, yanapatikana bila vitu hivyo. Uzito kwanza. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, hivyo kinachohitajika ni kuyaondoa maji, wala si kuyafunga kwa unga. Sufuria pana hufanya kazi hiyo haraka kuliko yenye shingo nyembamba, na moto wa wastani bila kifuniko kwa dakika 40 au zaidi hugeuza kilo moja ya nyanya kuwa rojo zito linalong'ang'ania tambi. Ikiwezekana sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu uchachu wa nyanya ukipikwa muda mrefu hula alumini. Likizidi uzito, kile kikombe cha maji ya tambi kina wanga wa kutosha kulilainisha bila kulifanya chepechepe.

Utamu mzito wa kuridhisha, ule unaomfanya mlaji arudie bila kujua kwa nini, una sababu inayoeleweka. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliutenga kutoka mwani wa baharini na kuonyesha kwamba unatokana na glutamati. Nyanya ina glutamati nyingi, nayo huongezeka kadiri inavyoiva, na sehemu yenye nyingi zaidi ni ule ute unaozunguka mbegu. Kwa hiyo mpishi anayekamua mbegu na kuzitupa, kama vitabu vingi vya upishi vinavyoelekeza, anatupa ladha aliyoilipia. Nyanya mbivu kabisa, zilizoanza kulainika, ambazo wauzaji huzishusha bei jioni ilimradi hazijaoza, ndizo zinazofaa zaidi mchuzi huu. Msimu unapojaa pale Ilula mkoani Iringa, matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu. Huo ndio wakati wa kupika nyingi na kuhifadhi rojo.

Kuna jambo jingine ambalo mpishi wa Kigoma au Mwanza hahitaji kufundishwa. Samaki wakavu wana kemikali nyingine, inosinati, ambayo ikikutana na glutamati ladha ya pamoja huwa kubwa kupita jumla ya zote mbili. Waitalia wa kusini hutia samaki wadogo wa chumvi ndani ya mchuzi wa nyanya. Sisi tuna dagaa. Dagaa wakavu waliooshwa, wakatolewa vichwa, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa kuwa unga, kijiko kimoja kwa kilo ya nyanya, hufanya kazi yote ya kile kiungo cha pakiti na kuongeza kalsiamu ambayo mgonjwa wa siliaki anaihitaji kuliko mtu yeyote. Kitunguu kikaangwe hadi kiwe laini kabisa kabla ya nyanya kuingia, kwa maana uchachu wa nyanya hukizuia kisilainike baadaye. Kitunguu saumu kifuate, kisigeuke kahawia. Mafuta yasiogopwe: rangi nyekundu ya nyanya, yaani likopeni, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa pamoja na mafuta. Mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, majani machache ya mrehani, ambao ni jamii moja na ule mmea wa harufu nzuri unaopendwa na Waitalia. Asiyeupata atatumia kotimiri na hatakuwa amepungukiwa.

Pingamizi lililo zito kuliko yote halihusu upishi. Linasema: kwa nini kuhangaika na tambi? Mgonjwa ale wali, ugali, ndizi, viazi na magimbi, vyote havina gluteni tangu kuumbwa. Nakubali kwamba huo ndio utakuwa mlo wake wa kila siku, na ni bahati kubwa kuzaliwa katika ukanda ambao chakula chake kikuu hakina gluteni. Lakini chakula hakiliwi peke yake. Mwezi wa Ramadhani tambi huwa mezani katika nyumba nyingi za Pwani, na baasto, yaani tambi, ni chakula cha kila siku cha Wasomali, wa Mogadishu na wa Eastleigh jijini Nairobi pia, tangu enzi za utawala wa Italia. Mtoto anayeketi na wenzake huku sahani yake tu ikiwa tofauti kila siku, mwisho hula cha wenzake akiwa nyuma ya mlango. Mlo wa kudumu maisha yote haushikwi kwa makatazo pekee. Tambi za mchele zikipikwa kwa nyumba nzima, mgonjwa na mzima hula chungu kimoja, na hapo hakuna anayehitaji kujificha.

Wengine watasema naeneza mtindo wa matajiri wanaokimbia ngano ili wapungue uzito. Hapana. Asiye na siliaki, wala mzio wa ngano, wala tatizo lililothibitishwa na daktari, hana sababu ya kiafya ya kuacha chapati yake. Kuacha kwenyewe kuna gharama: Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012 zimeweka sheria ya kuongeza madini ya chuma na foliki katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani, na unga unaosagwa nyumbani haujaongezwa kitu. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anapaswa kulifikiria hilo. Kwa mgonjwa asiye na hiari, pengo hilo lizibwe kwa makusudi. Robo ya unga wa mchele ibadilishwe kwa unga wa dengu ili kuongeza protini, au wa ulezi, ambao kwa kalsiamu unazishinda nafaka nyingine zote tunazokula. Tambi za ulezi zitakuwa nyeusi na ladha yake itakuwa nzito kidogo, lakini mchuzi wa nyanya unaibeba vizuri. Mchicha au kisamvu pembeni, na vidonge vya foliki kwa atakayeshauriwa kliniki.

Swali la muda nalichukulia kwa uzito, kwa sababu najua ni muda wa nani. Ukisema "vitengenezwe nyumbani", katika nyumba nyingi umemwongezea mama saa nyingine ya kazi. Ndiyo maana sipendekezi tambi kila siku, na ndiyo maana natilia mkazo upishi wa mara moja kwa wingi. Tambi zilizotengenezwa bila yai zinaweza kukaushwa kabisa na kuwekwa kwenye kopo kavu. Zenye yai ziliwe siku hiyo hiyo. Rojo la nyanya likigandishwa hudumu wiki kadhaa. Tena kazi ya kusukuma na kukata haihitaji nguvu wala ustadi mkubwa, hivyo baba na watoto wanaiweza, na mgonjwa mwenyewe, akiwa mkubwa wa kutosha, ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kujifunza.

Na si lazima kila nyumba ifanye peke yake. Kikundi cha akina mama chenye mashine moja isiyosaga ngano kamwe kinaweza kukausha tambi za mchele na muhogo na kuwauzia majirani kwa bei ya sokoni. Nchini Italia, sheria ya mwaka 2005 inawatambua wagonjwa wa siliaki, na serikali huwapa posho ya kununulia vyakula vyao. Hazina zetu haziwezi kufika huko kesho, na silidai hilo. Yanayowezekana kesho ni madogo zaidi: somo la upishi shuleni lifundishe unga usio na ngano unavyoshikana, muuguzi wa kliniki ya watoto aulize kilichomo ndani ya uji kabla ya kuusifu, na wakaguzi wa viwango wa Tanzania na Kenya wahakikishe kila mfuko wa uji lishe uliotiwa ngano unalisema hilo upande wa mbele, kwa herufi kubwa kama za jina la biashara.